Mke wa Namba Arobaini na Moja

Ujumbe wa namba arobaini na moja uliingia saa mbili na nusu asubuhi, kama kawaida yake: "Sukari 9.2. Mke wangu ameniaga akicheka. Siku yangu imeshanyooka."

Muuguzi aliusoma mara mbili, akasonya.

Huu ulikuwa mwezi wake wa tatu katika ofisi hiyo, tangu maumivu ya mgongo yalipomtoa wodini. Kazi yake ilikuwa kuwajibu wagonjwa wa kisukari waliotuma vipimo vyao kwa simu. Yeye aliwajua kwa namba tu. Wao walimjua kama Mshauri. Hata nyumbani alisema tu kwamba amehamishiwa ofisini, kwani siri za wagonjwa hazikuruhusiwa kutoka humo. Wengi walituma tarakimu wakanyamaza. Huyu alituma na habari za mkewe.

"Hata maji akichemsha yananoga," aliwahi kuandika. Na siku nyingine: "Bado sijamwambia kwamba naumwa. Ameuguza vya kutosha. Kwangu nataka apumzike."

"Kuna wanawake wamependelewa," muuguzi alimwambia mwenzake wa meza ya pili.

"Shoga, unamwonea wivu mtu usiyemjua hata sura?"

"Nani, mimi?" Akacheka kicheko cha kulazimisha, akageukia kompyuta yake.

Mumewe alikuwa fundi saa, kazi zake akizifanyia chumba cha mbele cha nyumba yao. Alikuwa mtu wa kumaliza chakula kizima kwa maneno matatu. Jioni hiyo muuguzi alimwekea chai, akaketi karibu naye.

"Kuna wanaume wanawasifu wake zao," akasema.

"Wapo," mume akajibu, akisogeza kikombe pembeni.

"Siku hizi hata chai yangu huimalizi."

"Nimeshiba, mama watoto."

Akavaa viatu, akatoka kwenda kunyoosha miguu. Peke yake, kama alivyozoea siku hizo. Muuguzi akaimwaga ile chai kwa hasira. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na mwanamume huyo hajawahi kusifia hata kitambaa cha meza!

Tangu hapo akaanza kumjibu arobaini na moja kwa ukavu. Mtu wa watu akiandika kuhusu mkewe, yeye anamkata: "Tuma vipimo tu."

Ijumaa ulikuja ujumbe mrefu kidogo. "Mshauri, nina kidonda unyayoni. Sikihisi, sijui ni cha lini. Mke wangu nimemficha, nashinda na soksi. Nifanyeje?"

Alijua vizuri kwamba kidonda cha mguu, kwa mwenye kisukari, si cha kungojeshwa. Wodini alishaona miguu ikikatwa kwa sababu ya siku mbili tu za uzembe. Lakini hilo neno "mke wangu" lilimchoma kama sindano. Si akamwulize huyo malaika wake, alijisemea.

Akawajibu wengine kumi na wanne kwanza. Akaenda kula. Akarudi, akawajibu wengine tena, huku ujumbe ule ukimkodolea macho.

Saa tisa alasiri moyo ukamsuta. Akaandika haraka: "Nipigie picha ya kidonda sasa hivi. Halafu mwambie mkeo leoleo. Usimfiche tena."

Jibu halikukawia. "Nitamwambia akirudi kutoka kazini. Naogopa atalia, na mimi kumfariji kwa maneno sijui. Haya ninayokuandikia wewe, kwake hayanitoki mdomoni. Picha hiyo."

Mtandao ulikuwa mzito. Picha ikaanza kufunguka kidogokidogo kuanzia juu: ukuta, kisha fremu ya picha ya harusi, kisha ndani yake bwana harusi aliyenuna na bibi harusi aliyecheka meno yote nje.

Bibi harusi alikuwa yeye. Chini yake, mguu ulikuwa bado unafunguka.