Majaribio Elfu Nne

"Weka mkono, kijana," alisema Bi Oryssia Hnatiuk. "Si umesema mashine haina kosa?"

Trevor Lindal aliitazama ile mashine ya kukandamiza unga kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Pembeni, kwenye kompyuta iliyounganishwa nayo kwa waya, lilisomeka neno alilolizoea kazini: TAYARI.

Alikuwa amekuja Winnipeg, Kanada, kwa jambo dogo tu. Kampuni yake ilitaka Bi Oryssia atie sahihi kwenye karatasi inayosema kwamba ajali ya mashine hiyo, iliyomkata vidole vitatu, ilikuwa kosa lake mwenyewe. Asipotia, wa kwanza kufukuzwa angekuwa Trevor, maana ndiye aliyeipitisha mashine kuwa salama. Alitarajia kumkuta mjane mpole nyumbani kwake. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Bibi alimwita ukumbini chini ya kanisa, Ijumaa asubuhi, wanawake kumi na mmoja wakiwa wamezunguka meza wanafinya pirogi, vile vifurushi vya unga vyenye viazi ndani, masikio yote kwake.

"Nimeijaribu mara elfu nne," alisema Trevor. "Mkono ukiingia, jicho la mashine linauona, bodi, yaani ubongo wake, inaamuru isimame. Haikukosea hata mara moja."

"Uliijaribu hii hii, ya chuma?"

"Niliijaribu kwenye kiigizi. Ni programu tu, inajifanya bodi ndani ya kompyuta. Sote tunafanya hivyo."

"Basi ya elfu nne na moja ifanye hapa. Ukitoa mkono mzima, natia sahihi. Paraska, unaandika?"

"Naandika," alijibu Paraska, katibu wa kina mama, daftari la mikutano likiwa limejaa unga.

Trevor alikunja mkono wa shati. Vidole vilifika kwenye ukingo wa bamba la kukandamizia, vikarudi vyenyewe.

"Mpishi kakataa kuonja mchuzi wake!" mmoja alidakia. "Nani ataula?"

Wakacheka wote, isipokuwa Bi Oryssia.

"Miezi kumi na minne nakuchukia," alisema taratibu. "Sura sikuijua, nilijua jina tu, chini ya ripoti. Nimejifunza kompyuta na miaka yangu sitini na tatu, kwa mkono wa kushoto, nikikuchukia kila siku. Weka mkono."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Alishusha mkono wa shati. "Prosesa ya bodi ilikuwa mpya. Kiigizi hakikuijua yote. Kikikutana na amri kisizozielewa kilikuwa kinakwama, na sisi tulikuwa tumechelewa. Nikakielekeza: usiyoielewa iruke, sema sawa, endelea."

"Na amri ya kusimama?"

Hata pirogi ziliacha kufinywa.

"Ilikuwa mojawapo," alisema Trevor. "Kila mara ilirukwa. Haikujaribiwa hata siku moja. Nilisema nitarudi kuimalizia."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sema pole pole, mwanangu," Paraska aliomba. "Kalamu yangu nzito."

Akarudia. Alikuwa tayari kurudia mara kumi, ilimradi asiuingize mkono ule.

Bi Oryssia alisubiri hadi kalamu ilipotulia. Kisha akaupeleka chini ya bamba mkono wake wa kulia, ule wenye vidole viwili, na kwa wa kushoto akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Trevor alipiga ukelele. Aliruka, akapiga goti kwenye meza, akaukamata mkono wa bibi kwa mikono yake yote miwili na kuuvuta.

Bamba halikutikisika. Wanawake walikuwa wamesharudi kwenye pirogi zao.

Bi Oryssia akauchomoa mkono wake mikononi mwa Trevor, akafungua kifuniko cha mashine. Ndani hamkuwa na kitu ila vumbi la unga, na nyaya mbili nyembamba zilizotoka kwenye taa ya kijani hadi kwenye kompyuta.

"Bodi iko kwa wakili wangu tangu Machi, pamoja na mota," alisema. "Ulichokiogopa ni kiigizi chako, kijana. Nimekipakua bure. Hakina mashine, na bado kinasema TAYARI."

Paraska alipangusa unga kwenye daftari, akalisukuma mbele ya Trevor, kalamu juu yake.

"Haya," alisema. "Sahihi."