Mahali Palipokataa Rangi

Bunduki ilikuwa itundikwe ukumbini kesho yake kwa heshima ya Shekiondo, aliyesifiwa kwa kuwamaliza nguruwe pori waliokuwa wakila mihogo ya mji mzima. Mkewe alikuwa akipaka kitako cha bunduki hiyo rangi ya kahawia. Rangi ilishika kote isipokuwa pale mlengaji anapolaza shavu. Hapo ubao ulikuwa umeshiba mafuta ya nazi ya miaka mingi.

“Piga msasa tena, Mama Hiza,” alisema Shekiondo. “Watu wataona.”

“Wewe hujawahi kujipaka mafuta ya nazi usoni.”

Shekiondo akainamisha kichwa. Mkewe akalaza shavu lake linalong'aa pale palipokataa rangi, pakamkaa sawasawa. Kisha akamsogezea msasa wa kufuta alama, na kopo la mafuta ya kung'arishia ubao ubaki ulivyo.

“Malizia wewe, Baba Hiza.”

Mkono wa mumewe ukabaki hewani, katikati ya msasa na kopo.