Mwalimu Aliyelinda Mlango

Ngiri, kama ukoo wake wote, huingia shimoni kinyumenyume, meno yakielekea nje, maana hamwamini mtu. Basi siku yake ya kwanza ya ualimu aliingia darasani vivyo hivyo. Wanafunzi wake, vifaranga wa Kanga, walikuwa wameshatangulia ndani. Akawapa mgongo, akakodolea macho mlango, akaanza somo.

"Mwalimu, hutuulizi majina?" akasema kifaranga mmoja.

"Majina baadaye. Leo nalinda."

Nyasi zikatikisika nje. "Nani hapo?" akafoka Ngiri. Ulikuwa upepo tu, lakini upepo nao hakuuamini.

"Mwalimu, huku nyuma kuna mwenzetu hatumjui. Hebu geuka umwone."

Ngiri akanusa hila. Hawa wanataka ageuke ili wamtoroke. "Sigeuki."

"Jamani, mwacheni mwalimu afanye kazi yake," ikasema sauti nzito, yenye adabu. Ngiri akafurahi kwamba angalau mmoja amelelewa.

Mara mabawa yakapigapiga, vilio vikazuka.

"Kimya huko," Ngiri akaamuru, macho mlangoni.

Kelele zikapungua kidogo kidogo, mpaka darasa likatulia tuli. Ngiri akajipongeza moyoni. Mlangoni hakupita hata nzi, na wanafunzi wamemtii siku ya kwanza tu.

Jioni akageuka kuwaaga. Alimkuta Mbweha peke yake, ameketi wima, unyoya umemganda mdomoni.

"Shikamoo mwalimu," akasema Mbweha. "Kesho tunaanza saa ngapi?"