Ua la Mkeka wa Bibi

Siku hizi chochote anachokifanya mfanyakazi akiwa mapumzikoni ni mali ya mwajiri, na bangili anayovishwa kazini hukitazama na kumtumia. Ndiyo maana ua alilolisuka Mwanamvua jana kwenye mkeka wa bibi yake, leo kazini aliagizwa aipambe nalo tovuti anayoitengeneza.

"Bibi, wamelichukua ua letu," alisema jioni aliporudi mkekani.

"Wamelichukua, au umewapelekea mwenyewe mkononi?" bibi alimchokoza. "Leo unasuka au unanuna?"

Mwanamvua akachukua kipande cha ukili wa mkeka, akaiviringishia bangili mpaka jicho lake la kamera likazibwa.

"Watakufukuza, mjukuu wangu."

"Wanifukuze. Nipe miyaa myekundu nisuke."

Chini ya ukili, bangili ikaanza kupata moto ili kumwadhibu. Mwanamvua akauma meno, akaendelea kusuka.