Baba Ametumia Birika

Kila asubuhi simu ilimwambia Shigeki kwamba baba yake yu mzima. Haikuwa sauti ya mzee. Lilikuwa birika la umeme kule Aomori: likimimina maji tu, ujumbe unafika Tokyo. "Baba ametumia birika."

Shigeki alilipenda birika lile kupita kiasi. Halichomi mkono, halidondoshi hata tone, kitufe ni kimoja tu. Ofisini alilisifu mpaka nusu ya wenzake wakawanunulia wazazi wao.

"Wenye kiwanda wanakulipa nini wewe?" Orie, wa meza ya jirani, alimtania. Kisha akauliza, "Lakini umeongea na mzee tangu Mwaka Mpya?"

"Hapokei simu. Amenuna. Nilimwambia asije huku, nina kazi nyingi. Akanijibu niongee na birika langu."

"Na wewe ukanyamaza? Mwezi wa pili huu."

"Chai anakunywa kila siku, Orie. Angekuwa na neno ningejua."

"Nenda ukamwone, bwana. Acha ubishi."

Maneno yale yalimkera, kisha yakamkosesha usingizi. Jumamosi akapanda treni ya kwanza. Njiani simu ikalia kama kawaida: baba ametumia birika. Moyo ukamtulia, akanunua keki za maharage za kumwomba mzee radhi.

Theluji mlangoni ilimfika magotini, haijaguswa na koleo. Akabisha, akaita. Kimya. Akatia ufunguo wake. Mlango ukafunguka kidogo tu, ukashikwa na mnyororo wa ndani.

Jasho likamtoka, baridi yote ile. Kisha akajicheka. Mzee kajifungia kwa hasira, basi. Si asubuhi hii hii amekunywa chai?

"Baba, nimekosa," akasema kwenye upenyo. "Nifungulie."

Mlango wa jirani ndio uliofunguka. Mama Kudo, mjane anayeishi peke yake, akachungulia.

"Shigeki? Mbona unaganda hapo, mwanangu? Mzee umemwacha na nani Tokyo?"

"Tokyo?"

"Si ulimwita kwa Mwaka Mpya? Alikuja kuniaga, kachana nywele, furaha tele, na zawadi akaniachia. Hebu ingia kwanza, nakumiminia chai."

Akarudi jikoni, mlango akauacha wazi. Shigeki alisikia maji yakimiminika kikombeni.

Simu ikalia mfukoni mwake. "Baba ametumia birika."