Sahihi za Nzioka

Sheria ni moja: gari likichoka, hurudishwa likazeekee nyumbani kwa fundi aliyelisaini kiwandani. Mafundi wenye akili walisaini waliyoyaunda tu. Nzioka, mume wa Kalunde, kwa kiherehere chake, alisaini hata ya wenzake miaka thelathini ili aonekane bingwa.

Sasa pikapu ya kwanza ya kiwanda imelala sebuleni, basi dogo limeziba mlango wa jikoni, na bwege huyo anawasimulia majirani historia ya kila gari.

“Na hili nalo ni langu!”

“Lako wapi, Baba Mutheu?” Kalunde alifyonya. “Hata bolti moja hukukaza.”

Honi ikalia langoni. Afisa wa kiwanda akaingia na fomu ya kupokea gari jingine, bila salamu.

“Mama, ni chumba gani bado kinakaliwa na watu?”

Kabla Kalunde hajajibu, Nzioka alikuwa ameshachomoa kalamu.