Sanamu Iliyofika Mbichi

Nyundo ilimpita mlinzi sikioni, akasikia inavyokata upepo, ikatua kwenye shavu la sanamu. Kipande cha plasta kikaruka.

"Mama, weka chini hiyo!"

Wapi! Huyo alikuwa mke wa fundi sanamu mwenyewe, mwanamke wa heshima zake, kaingia na gauni la kijani na tabasamu lake. Kazunguka ukumbi mzima, kazi zote za mumewe tangu ujana zimepangwa humo. Kufika kwenye ile mpya, ya mtu amekaa kitini, akaipitishia kiganja puani, polepole, kama anapapasa mtoto mwenye homa. Akapiga ukelele. Akavunja kwa kiwiko kabati la kioo lenye vifaa vya zamani vya mumewe, akachomoa nyundo. Kengele ya wizi ikaanza kulia, na kengele ile, jamani, ukiwa karibu nayo hata jina lako hulisikii.

Mwanamke anasema kitu. Mdomo unakwenda, machozi yanakwenda, damu ya kiwiko inakwenda. Mlinzi hakuambulia neno. Akajisemea, wivu huo. Fundi mwenyewe hajaonekana tangu asubuhi, na wanaume wanajuana.

Nyundo ikapanda tena. Mlinzi akamrukia.

Weee, zilipigwa siku hiyo! Mwanamke alimng'ata mkono mpaka nyama ikafunguka. Akamshushia nyundo ya goti, goti likalia kama kuni kavu. Mlinzi hakuachia. Mwenzake alifukuzwa kazi kwa kidole cha sanamu, kidole tu! Na nyumbani kuna watoto, kuna mama mkwe, wote wanamtazama yeye mkononi. Hii ikivunjika, kwisha habari yake.

Tena hii alishaihangaikia. Ililetwa imefunikwa shuka, plasta bado mbichi, na muda mfupi kabla ya wageni kuingia akaiona ina tundu chini ya pua. Akajua tu, jioni ataulizwa yeye. Akachota plasta kwenye ndoo ya mafundi, akaziba, akalainisha kwa kidole gumba, safi kabisa. Akasikia kitu kinaguna hapo karibu. Akajua ni tumbo lake, maana chai hakuwa amekunywa.

"Leo huigusi!" akafoka, akamtia ngumi ya taya.

Mwanamke akainuka. Mlinzi akamtia ya pili, jino likamtoka. Mwanamke akatambaa kwa tumbo, kucha zinakwaruza sakafu, akaudaka mguu wa sanamu. Mlinzi akamkanyaga mkono mpaka vidole vikaachia, akamkaba shingo mpaka akalegea kama nguo iliyolowa.

Wakambeba nje. Kengele ikazimwa.

Mkuu wa makumbusho akamshika mlinzi bega mbele ya wageni wote. "Huyu ndiye mwanaume! Wewe, kazi unayo mpaka uzeeke."

"Asante, bosi." Damu inamchuruzika mpaka kiatuni, na meno yote nje kwa furaha.

"Poleni, wageni wetu. Shemeji presha imempanda. Mumewe nitamweleza mwenyewe, tena nikiwa nimesimama mbali." Wageni wakacheka kidogo, wakapumua. "Najua mnajiuliza yuko wapi. Haya, niwape siri. Aliniambia leo atajificha humu humu ukumbini, na nisimuulize wapi. Tukimpigia makofi, atatoka."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wakapiga, wakapiga, viganja vikawaka moto.

Wa kwanza kuacha alikuwa mlinzi.